Mbingu kwa Mikono ya Watu wa Mara

Ringwani ni kata ya wilaya ya Serengeti, katika nchi ya Wangoreme, ambako majabali hujitokeza katikati ya mashamba ya mahindi, mtama na mihogo. Mto Mara unaitenga wilaya hii na Tarime ya Wakuria, na upande wa pili nyika inakwenda mpaka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika karne ya 19, Wamasai walipokuwa wakija kuteka ng'ombe, Wangoreme walikusanya mawe ya vilima vyao wakajenga kuta kuzunguka makazi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi Mara na kuandika simulizi za wazee wake, amezieleza ngome hizo katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007. Watu waliolala ndani ya kuta za namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa kwa nini mji wa amani uwe na ukuta mrefu. Jipya kwao lilikuwa lile ambalo Yohana analiongeza katika sura ya 21 ya Ufunuo: milango ya mji ule haifungwi mchana, na usiku haupo. Kwa mtu aliyezoea kuingiza mifugo na kuziba mlango jua likielekea kuzama, hapo ndipo mbingu ilipoanza kuwa na maana.

Naanza na mawe kwa sababu mbingu ya Biblia imeelezwa kwa vitu vya kushikika. Yohana anaandika kama fundi anayepanga vifaa vya ujenzi: ukuta wa yaspi, misingi 12, kila mmoja na jiwe lake, tangu yaspi, yakuti samawi na kalkedoni mpaka hiakintho na amethisto, milango 12, kila mmoja umetoka katika lulu moja, njia ya dhahabu inayopitisha nuru. Sura ya 4 imeshaweka kiti cha enzi, upinde wa mvua wa rangi ya zumaridi, na bahari ya kioo mbele yake. Rangi na brashi peke yake hazikutosha kwa kazi hiyo, na waliothubutu kuionyesha mbingu tangu zamani walijua hivyo. Walipachika vioo vya rangi, vipande vya mozaiki, karatasi za dhahabu, mbao, chuma na nguo, kila kitu kikisema kwa sauti yake.

Watu wa Mara walikuwa na mazoea hayo hayo kabla ya misheni. Shanga, ngozi, manyoya ya mbuni kichwani mwa mcheza ngoma, chuma cha wahunzi Waturi, udongo na samadi kwenye ukuta wa nyumba: jambo zito lilisemwa kwa kuunganisha vitu, na kila aliyeona alisoma. Lakini mbingu ya Wakristo iliwafikia ikiwa imeshachapwa kwenye karatasi.

Waliokuja nayo hawakukubaliana kuhusu picha. Waadventista Wasabato walianza kazi yao Tanganyika huko Upareni mwaka 1903, na mwaka 1909 wamisionari wao Wajerumani walikuwa upande wa mashariki wa ziwa Victoria. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamenoniti wa Marekani walianza Shirati mwaka 1934. Mwaka 1946 mapadre wa Maryknoll, nao wa Marekani, walipokea kazi ya Kikatoliki sehemu hizi, masista wa shirika hilo wakafuata Kowak mwaka 1948, na mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo chini ya Askofu John Rudin.

Aliyeingia kanisa la Kikatoliki alikuta mbingu ya vitu: sanamu, picha za Njia ya Msalaba, kitambaa cha altare, taa nyekundu ya tabernakulo, moshi wa ubani. Aliyeingia kwa Wamenoniti alikuta ukuta mtupu. Watu hao walitoka kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, ambako nyumba ya ibada haikuwa na sanamu wala vioo vya rangi, na unyenyekevu ulionekana katika mavazi yenyewe. Mbingu yao ilikaa katika neno lililosomwa na wimbo ulioimbwa. Msabato naye alining'iniziwa chati. Mhubiri alisimama na fimbo mkononi akaonyesha wanyama wa Danieli na wa Ufunuo, na zaidi ya yote ile sanamu ya ndoto ya Nebukadreza: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo. Sanamu ya vifaa vitano, na mwisho wake jiwe lililochongwa pasipo mikono ya watu linaipiga na kuwa mlima mkubwa. Naamini chati ile ilishika mizizi Mara kwa sehemu kwa sababu ya jiwe lile. Katika nchi ya majabali, kusema kwamba ufalme wa Mungu unakuja kama jiwe ni kusema kwa lugha ya nyumbani.

Picha nyingine pia zilipata pa kukaa bila msaada wa mchoraji. Wazee 24 wanaozunguka kiti cha enzi hawakuwa wageni kwa Mkuria aliyejua inchama, baraza la siri la wazee, na iritongo, mkutano wa hadhara ambako mashauri yaliamuliwa. Alichokiona msikilizaji ni wazee waliovua taji zao na kuziweka chini. Mchoro wa Kizungu uliowaonyesha wazee hao kwenye viti vyenye migongo mirefu, wakiwa na ndevu nyeupe na kanzu, ulimpa sura asizozijua za jambo alilolijua barabara.

Mwaka 1942 uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Shirati. Watu waliungama mbele ya wenzao, na mpaka uliokuwa kati ya wamisionari na Waafrika, na kati ya kabila na kabila, ukatikiswa. Zedekia Kisare, Mjaluo wa Shirati aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamenoniti wa Tanzania mwaka 1967, alitoka katika kizazi hicho. Uamsho haukuacha picha yoyote ukutani. Uliacha wimbo, ushuhuda, na mazoea ya kuizungumzia jamaa mpya ya watu wa kila kabila na lugha, ambayo ni picha ya sura ya 7 ya Ufunuo. Kuta za Wamenoniti zilibaki tupu, na waumini wenyewe wakawa mchoro.

Mara pia ilimtoa mtu aliyeisimulia Biblia kwa kazi ndefu ya sanaa. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alibatizwa mwaka 1943, na mwishoni mwa maisha yake alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda mwaka 1996. Utenzi ni umbo la pwani, lililolelewa na washairi Waislamu wa Lamu na Pate, na Mzanaki Mkatoliki akalichukua kuibebea Injili. Naitaja kazi hiyo kwa sababu inaonyesha jambo lililokuwa gumu zaidi upande wa picha: kuchukua chombo cha hapa na kukijaza. Kwa maneno lilifanyika. Kwa macho lilichelewa.

Lilichelewa kwa sababu ya karatasi. Katika miaka ya baada ya vita kuu ya pili, picha za rangi zilienea kwa kasi: kadi za watakatifu, kalenda za ukutani, michoro ya shule ya Sabato na shule ya Jumapili. Wainjilisti wa vitabu, watu waliotembea nyumba kwa nyumba na mkoba wa vitabu vya Kiadventista, walizifikisha mpaka vijiji ambavyo havikuwa na duka. Wachoraji wa vitabu hivyo walikuwa mafundi hasa. Harry Anderson, Mwadventista wa Marekani aliyeishi kati ya 1906 na 1996, alimketisha Yesu kati ya watoto wa siku zake, wenye nguo za siku zake, na watu wa kanisa lake walishtuka mwanzoni kisha wakampenda. Ila watoto hao walikuwa wa Kimarekani. Mbingu iliyowafikia Wangoreme na Wakuria ilikuwa na majani yaliyofyekwa sawasawa, miti ya nchi za baridi, nyumba nyeupe, watu weupe, na katikati yake simba mpole aliyelala karibu na mwana-kondoo.

Simba huyo anahitaji kukaliwa naye kwa muda. Anatoka katika sura ya 11 ya Isaya, ambako mbwa mwitu anakaa na mwana-kondoo, simba anakula majani kama ng'ombe, na mtoto mdogo anawaongoza. Mtu aliyeifanya picha hiyo ijulikane zaidi Marekani alikuwa Edward Hicks, Mkweka wa kaunti ya Bucks, Pennsylvania, si mbali na Lancaster ya Wamenoniti. Alizaliwa mwaka 1780, akajifunza kazi ya kupaka rangi magari ya farasi na mabango ya maduka, akawa mhubiri, na mpaka kufa kwake mwaka 1849 alikuwa ameichora picha hiyo hiyo zaidi ya mara 60. Katika nyingi, nyuma ya wanyama, aliweka kundi dogo la watu: William Penn akifanya mapatano na Walenape, wenyeji wa nchi. Katika zingine alizungushia maneno ya Isaya kwenye fremu, herufi kwa herufi, kwa mkono wa mchora mabango. Wakweka wenyewe walikuwa wamegawanyika vibaya mwaka 1827, na wanaomchunguza Hicks wanaona huzuni ya mgawanyiko huo machoni mwa simba wake, anayezidi kuchoka kadiri miaka inavyokwenda.

Hicks hakuishi na simba. Kwake simba alikuwa tabia ya mwanadamu, kiburi na hasira inayotakiwa kufugwa. Katika wilaya ya Serengeti simba ana nyayo. Ikolojia ya Serengeti ina simba wapatao 3,000, idadi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa Afrika, na katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ng'ombe aliyeliwa ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima ya nyumba. Tena hifadhi, iliyoundwa mwaka 1951, iliwafungia watu maeneo waliyokuwa wakiwinda, kuchunga na kutambikia. Simba akawa na sheria upande wake. Msomee Isaya mchungaji wa huko. Anasikia habari ya amani na ya riziki kwa pamoja: zizi lisilohitaji miiba, kijana asiyekesha na mkuki na tochi, na mnyama mwenyewe akiacha kuua bila kuuawa. Sijui nchi nyingine ambayo mistari ile ingekuwa na uzito kama huo. Na bado picha iliyotundikwa ilikuwa ya simba wa karatasi, aliyesukwa manyoya kama wa sarakasi, chini ya mti ambao hauoti Mara.

Lakini kwingineko Afrika Mashariki njia nyingine ilikuwa imeanza: mwaka 1937 mwalimu Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Aliwahimiza wanafunzi wachore maisha wanayoyajua, na habari za Biblia pia wazichore hivyo. Miongoni mwa waliopita shule hiyo ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Mwaka 1959 alimaliza michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, vyote vimewekwa katika vilima vya Ukikuyu, na watu wake ni Waafrika. Miaka saba kabla yake nchi ile iliwekwa chini ya hali ya hatari. Waumini waliokaa chini ya michoro hiyo walikuwa wamezika ndugu zao wa pande zote mbili. Njau alitumia ukuta na rangi tu, lakini alivunja jambo kubwa kuliko suala la vifaa. Alionyesha kwamba ardhi ya hapa inastahili kumbeba Kristo. Baadaye, mwaka 1965, yeye na wenzake walifungua nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi.

Vifaa vyenyewe vilishasemeshwa mapema zaidi Zanzibar. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana. Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 na mtaalamu mkubwa wa Kiswahili, alisimamia ujenzi wa jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye paa la mviringo lililomwagwa kwa zege la matumbawe hayo hayo. Sakafuni, karibu na altare, kuna duara la marumaru, nyeupe na nyekundu, linaloonyesha palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Wekundu ni damu. Nyuma yake altare ina mapambo ya mozaiki, zawadi ya Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni ya Mbweni. Na kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone. Ukisimama hapo unaona Ufunuo mzima kwa vitu vinne: jiwe la bahari, marumaru, kioo na mti. Machozi yatakayofutwa yamewekewa alama sakafuni, hatua chache kutoka mozaiki ya altare. Naiona kuwa kazi ya kweli kuliko vioo vingi vya rangi vilivyoagizwa Ulaya, kwa sababu haikuificha ardhi iliyokanyagwa ili kuionyesha mbingu.

Karibu zaidi na Mara, si mbali na mji wa Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, alikuwa Bujora katika miaka ya 1950. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la duara na alama za utemi wa Kisukuma: ngoma, kigoda cha mtemi, nyumba ya mtemi, zikawekwa kumtangaza Mungu kuwa Mtemi. Sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na mashindano ya ngoma ya Bulabo, ambako Bagika na Bagalu hushindana kila Juni. Mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo hapo. Kiti cha enzi cha sura ya 4 ya Ufunuo kilipata kigoda. Uganda nako, Wakatoliki walimwomba mbunifu wa Uswisi Justus Dahinden awajengee Namugongo mahali patakatifu pa mashahidi, palipowekwa wakfu mwaka 1975: nguzo 22 zilizofunikwa shaba, kwa idadi ya mashahidi, zikielekea juu kama mapaa ya nyumba ya jadi.

Halafu kuna Dar es Salaam. Sista Jean Pruitt, wa Maryknoll, shirika lile lile lililohudumia Musoma, alianzisha Nyumba ya Sanaa mwaka 1972. Vijana wasio na kazi walipewa karatasi, rangi, zana za kuchonga, kitambaa cha batiki, ngozi ya mbuzi, na nafasi ya kujaribu. George Lilanga, Mmakonde kutoka Masasi, aliingia hapo akatoka msanii anayejulikana duniani. Viumbe wake walichezacheza juu ya mbao, ngozi na nguo bila kujali mpaka kati ya mchoro na uchongaji. Lilanga alichora mashetani na maisha ya uswahilini, si mbingu. Lakini njia aliyoifungua, ya kuacha kila kifaa kifanye kazi yake, ndiyo iliyokuwa ikikosekana makanisani. Na Wamakonde wenyewe walikuwa wamelitoa umbo ambalo naliona kuwa mfano bora wa mbingu uliochongwa na mkono wa Afrika Mashariki: lile gogo la mpingo la ujamaa, linalotajwa kuanzishwa na Roberto Yakobo Sangwani katika miaka ya 1950, ambamo watu wamepanda juu ya mabega ya watu, wamebebana, hakuna anayesimama peke yake. Wengi huliita mti wa uzima. Umati usiohesabika wa Ufunuo uko humo, bila mbawa.

Upande wa pili wa bahari, mwaka 1964, alifariki mfagizi wa ofisi za serikali mjini Washington. Jina lake lilikuwa James Hampton, mwana wa mhubiri Mweusi wa South Carolina, aliyezaliwa mwaka 1909. Alifanya kazi usiku, na ikiisha alikwenda kwenye gereji aliyoipangisha. Baada ya kifo chake mwenye gereji alifungua mlango akakuta kiti cha enzi. Kilikuwa na vipande 180 hivi: viti na meza mbovu, mirija ya boksi, mitungi ya vioo, balbu zilizoungua, vyote vikiwa vimevikwa karatasi za kung'aa za dhahabu na fedha, zingine zimetoka kwenye shingo za chupa za mvinyo. Vipande vimepangwa pande mbili, Agano Jipya huku na la Kale kule, na juu ya kiti yameandikwa maneno ya kumwambia mtu asiogope. Alikuwa ameusoma Ufunuo kwa miaka 14 hivi na kuujenga, peke yake, kwa takataka. Leo kazi hiyo iko katika makumbusho ya sanaa ya Smithsonian, na watu husimama mbele yake kimya. Hampton hakuwa na lulu. Alielewa kwamba Yohana anazungumzia nuru, na karatasi ya chupa inashika nuru.

Nikimfikiria Hampton, naona kwamba kazi ya namna yake haijawahi kukosekana Mara. Imekosa kutambuliwa tu. Ipo katika kamati za mapambo, zinazoendeshwa karibu kila mahali na wanawake. Jumamosi jioni kanisa la matofali ya kuchoma, lenye paa la bati, hubadilishwa: vitambaa vya satini vyeupe na vya dhahabu vinavutwa kutoka dari hadi ukutani, maua ya plastiki yanafungwa kwenye nguzo, nyuzi za kung'aa za Krismasi zinazungushwa mimbari, na kwenye makanisa yenye uwezo dari la jipsamu linawashiwa taa za rangi ya samawati. Wanawake hao hawaambiwi kuwa ni wasanii. Wameamua bila mwalimu rangi gani ni ya mbinguni na rangi gani ni ya Kwaresima au ya msiba, na waumini wanawaelewa.

Ipo pia makaburini. Mara, kama sehemu nyingi za kanda ya ziwa, watu huzikwa nyumbani, na familia inayojiweza hulijenga kaburi kwa saruji na vigae vyeupe vinavyong'aa, msalaba, jina, picha ya marehemu nyuma ya kioo, pengine kijumba cha bati juu yake. Nyumba ya walio hai inaweza kuwa ya udongo. Ya marehemu ina vigae. Wako wanaolaumu matumizi hayo. Mimi nayasoma kama tafsiri ya ahadi ya makao mengi katika sura ya 14 ya Injili ya Yohana, iliyofanywa na watu wenye fundi mmoja na boksi kadhaa za vigae.

Na ipo kwenye video za kwaya. Tangu kanda na VCD zilipoenea, mpaka sasa kwenye simu, kwaya za Kanda ya Ziwa zimeijenga mbingu kwa kompyuta. Waimbaji husimama mbele ya kitambaa cha kijani, na mhariri huwawekea nyuma maporomoko ya maji, mawingu, bustani, majumba ya vioo ya miji ya ng'ambo, milango ya dhahabu inayofunguka yenyewe. Hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu nawapenda waimbaji hawa. Sauti ni za hapa, mashairi ni ya hapa, mwendo wa miguu ni wa hapa. Lakini mbingu nyuma yao imetoka tena kwenye karatasi ileile ya zamani: milima ya theluji, majani yaliyofyekwa, mto wa nchi nyingine. Mto Mara wenyewe unatoka misitu ya Mau, unapita kwenye mbuga, unanywesha nyumbu na ng'ombe, unatawanyika katika mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Kwa mtu wa wilaya hii mto wa maji ya uzima una sura tayari. Dhahabu ya njia za mbinguni inachimbwa Nyamongo, upande wa Tarime, na wachimbaji wadogo wanajua ilivyo kabla haijang'aa: vumbi ndani ya jiwe, linalosagwa na kuoshwa. Msanii atakayetengeneza njia ya Yerusalemu Mpya kwa mawe ya Nyamongo yaliyosagwa atakuwa amesema jambo kuhusu dhahabu isiyopiganiwa na mtu, na kila mtu wa Mara atalisikia.

Makanisa yanajengwa kwa wingi Serengeti na Tarime, na ukuta wa nyuma ya altare au mimbari kwa kawaida hupakwa rangi moja, au huwekewa bango lililochapwa mjini. Ukuta huo ndio ninaouombea kwenye kamati za ujenzi za Ringwani, Iramba, Majimoto na kwingineko. Mafundi wapo. Kuna waashi wanaojua kupasua jabali na kulipanga, jinsi babu zao walivyopanga ngome. Kuna wanawake wanaojua shanga na ususi, na wengine wanaojua udongo upi hutoa wekundu na upi hutoa weupe. Vioo vya chupa za soda vinatupwa kila siku ya mnada, na kwenye gereji za pikipiki za Mugumu vyuma chakavu vimerundikana. Simba wa Isaya anaweza kutengenezwa kwa minyororo ya pikipiki, ng'ombe kwa pembe na ngozi halisi, misingi 12 kwa mawe 12 ya vilima 12 ambavyo waumini wanavijua kwa majina. Wazee waulizwe milango ielekee wapi. Watoto wa shule ya Jumapili na ya Sabato ndio wamweke yule mtoto anayewaongoza wanyama, wao wenyewe, kwa mikono yao, wakubaliane ana sura gani na amevaa nini.